Saa 10 alfajiri: kwa nini usiku hauzoeleki kwa anayekesha kazini

Muulize mlinzi yeyote wa maghala ya korosho Mtwara mjini, msimu ukiwa umekolea na magunia yamepangwa mpaka juu, ni saa ipi ya usiku inayomtesa kuliko zote. Hatakutajia saa 6. Saa 6 redio bado inaongea, bodaboda zinapita, na kahawa chungu aliyokunywa jioni bado inamshikilia. Atakutajia saa 10 alfajiri. Hapo ndipo kichwa kinapoanguka chenyewe, mwili unasikia baridi hata kama upepo ni uleule, na mtu anasoma namba ya gari mara tatu bila kuishika. Halafu akijikaza mpaka saa 1 asubuhi, uchangamfu unarudi kidogo, wakati kwa hesabu ya kawaida amekesha saa 3 zaidi na alipaswa kuwa hoi kabisa.

Kama usingizi ungekuwa ni uchovu peke yake, mlinzi huyu angezidi kulegea kadiri usiku unavyokwenda, bila kupata nafuu. Kule kushuka na kupanda kunaonyesha kwamba ndani ya mwili yako mambo mawili, na kila moja linakwenda kwa ratiba yake. Watu wengi wa zamu huku Kusini wanapambana na moja tu, la uchovu. Hilo la pili hakuna aliyewaeleza, wala mwajiri, wala zahanati.

La kwanza ni deni. Tangu unapoamka, seli za ubongo zinatumia nishati, na katika kuitumia zinaacha kemikali iitwayo adenosini. Ukikaa macho inarundikana na kope zinakuwa nzito, ukilala inaondolewa. Kahawa hailipi deni hili. Kafeini inakalia vipokezi ambavyo adenosini ingevishika, kwa hiyo ubongo unakosa taarifa tu. Deni lenyewe linaendelea kukua nyuma ya pazia.

La pili ni saa. Hiyo haijali umelala au umekesha. Inapandisha na kushusha joto la mwili, homoni, mmeng'enyo wa chakula na shinikizo la damu kwa mzunguko wa karibu saa 24. Kwa mtu wa mchana, melatonini, ambayo ni homoni ya giza, huanza kupanda mnamo saa 3 usiku. Joto la mwili hushuka mpaka chini kabisa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, kisha homoni ya kotisoli hupanda kumwandaa aamke. Mwaka 1982 Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich, Uswisi, aliyaunganisha mambo haya mawili katika maelezo mamoja, na wataalamu wa usingizi bado wanaanzia hapo.

Kwa anayelala usiku, deni na saa vinasaidiana vizuri sana. Alfajiri deni lake limeshalipwa karibu lote, na angeweza kuamka saa 9 usiku akaanza kuhangaika kitandani, lakini saa ya mwili inamshikilia mpaka kuche. Mshiko huohuo ndio unaomwangukia mlinzi wetu. Saa 10 alfajiri deni lake liko juu kabisa na joto la mwili liko chini kabisa, vyote kwa wakati mmoja. Baada ya saa 11 joto linaanza kupanda, ndipo anachangamka. Kisha anakwenda nyumbani kulala wakati saa yake ndiyo kwanza inapanda. Analala kwa muda wa saa 4 au 5 tu, macho yanafunguka peke yake, na anaulaumu mlango wa jirani. Pengine mlango una kosa, lakini hata angelala kisiwani peke yake angeamka.

Saa yenyewe ilivyojulikana

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ule unaokunja majani jioni. Mmea ukaendelea kufungua na kukunja majani kwa wakati wake bila kuliona jua. Kwa binadamu ilibidi kungoja sana. Mwaka 1962 kijana wa Kifaransa, Michel Siffre, alijifungia miezi miwili kwenye pango la barafu milimani bila saa wala mwanga wa jua. Walipomtoa tarehe 14 Septemba, yeye alikuwa anaamini ni tarehe 20 Agosti. Hesabu yake ya tarehe ilikuwa imepotea vibaya, lakini mwili wake ulikuwa umeendelea kulala na kuamka kwa mzunguko usio mbali na saa 24.

Vipimo vya uangalifu zaidi vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba mzunguko wa asili wa binadamu, kwa wastani, ni kama saa 24 na dakika 10 hivi. Tuziweke akiba dakika hizo 10, tutazihitaji. Saa kuu iko katikati ya ubongo, juu tu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na ni kishada cha seli kama 20,000. Ndani ya kila seli, jeni zinatengeneza protini, protini zinarudi kuzizima jeni hizohizo, kisha zinaoza na kazi inaanza upya, mzunguko mmoja kwa siku. Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuueleza utaratibu huo, na waliupata kwa kuchunguza vinzi, wale wadudu wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva.

Ini, kongosho, moyo na misuli navyo vina saa zake ndogo. Saa kuu inazipa majira, lakini ini linasikiliza zaidi chakula. Ukila ugali wa kushiba saa 8 usiku, ini linaambiwa ni mchana huku ubongo unasema ni usiku wa manane, na mwili unakuwa ngalawa yenye makasia mawili yanayopigwa kinyume. Usiku insulini haifanyi kazi kwa ufanisi wa mchana, hivyo chakula kilekile kinaacha sukari nyingi zaidi kwenye damu. Kiungulia na tumbo kujaa, malalamiko ya kila siku ya watu wa zamu, mara nyingi yanaanzia hapo.

Jicho ndilo linalotega saa

Saa inayokwenda kwa saa 24 na dakika 10 ingechelewa kila siku kama isingerekebishwa. Anayeirekebisha ni mwanga, na unapitia machoni tu. Nyuma ya jicho, pamoja na seli zinazotuonyesha picha, ziko seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini. Kazi yake kubwa ni kupima kama kuna mwanga au giza, hasa mwanga wa rangi ya bluu, na kupeleka habari moja kwa moja kwenye saa kuu. Ndiyo maana vipofu wengi wasiopata mwanga hata kidogo hupitia majuma ya kulala vizuri, halafu majuma ya kukesha usiku na kusinzia mchana, kwa sababu saa yao inateleza taratibu kuuzunguka usiku na mchana.

Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba mwanga unaweza kuisogeza saa upande wowote, kutegemea unapokupata. Mwanga unaokupata kabla ya ile saa ya joto la chini kabisa, tuseme saa 5 usiku mpaka saa 9, unaichelewesha saa: kesho usingizi utakuja kwa kuchelewa. Unaokupata baada ya hapo, kuanzia saa 12 asubuhi, unaiwahisha. Mwanga uleule, matokeo mawili yaliyo kinyume.

Sasa mtazame anayetoka zamu ya usiku Mtwara. Amekaa usiku kucha chini ya taa, na kama zina nguvu zimeanza kuichelewesha saa yake, jambo ambalo ndilo analolihitaji. Saa 1 asubuhi anatoka getini. Huku Kusini wakati huo jua limeshapanda: Desemba linachomoza karibu saa 12 kamili, Juni karibu saa 12 na nusu, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya miezi hiyo miwili ni kama saa moja na dakika chache. Mwanga wa jua kali unaweza kufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, ilhali chumba chenye taa ya kawaida hakizidi laksi mia chache. Nusu saa ya kusubiri daladala inafuta kazi yote ya usiku. Jua limeiambia saa yake kwamba kumekucha, na imerudi ilikokuwa.

Pia saa ya mwili inafuata jua la mahali ulipo. Mtwara na Kigoma saa za ukutani ni moja, lakini jua linafika kwetu kama dakika 40 kabla. Mtu wa Kigoma akihamia Mikindani akakuta watu wako macho mapema na kiza kinaingia mapema, asidhani ni tabia ya wenyeji tu.

Waislamu wa pwani wanaijua habari hii kwa miili yao kila Ramadhani. Futari magharibi, tarawehe, mazungumzo barazani, daku alfajiri: mwanga na chakula vyote vinahamia usiku. Baada ya wiki mbili, anayekunywa daku yake na kulala tena anajikuta hawezi kupata hata lepe la usingizi saa 3 usiku, na Idi ikipita bado inamchukua siku kadhaa kurudi. Saa imesogezwa. Hakuna aliyemwambia, lakini imesogezwa.

Utazoea?

"Utazoea tu" ndiyo kauli anayopewa kila mgeni wa zamu ya usiku, na si kweli. Miongoni mwa wanaofanya kazi usiku kwa miaka, ni wachache sana ambao saa zao zimegeuka kabisa. Wanachozoea wengi ni ile hali ya kujisikia vibaya, wanaiona ndiyo kawaida yao. Saa ya mwili husogea kwa takriban saa moja kwa siku, pengine zaidi kidogo ikisaidiwa. Kuigeuza kabisa kungehitaji siku nyingi mfululizo za kuishi usiku bila jua la asubuhi na bila kurudi kwenye maisha ya mchana siku za mapumziko. Nani anaishi hivyo?

Wavuvi wa dagaa ndio mfano ulio wazi zaidi kwenye pwani hii, kutoka Kilwa Kivinje mpaka Msangamkuu. Wanavua kwa taa, na taa inavuta dagaa pale tu mwezi haupo. Kwa hiyo giza likiingia wanatoka usiku baada ya usiku, na mbalamwezi ikikolea wanatia nanga, wanashona nyavu, wanalala na familia zao. Ni zamu iliyopangwa na mwezi wa siku 29 na nusu, na haina ofisi ya kulalamikia. Ungetegemea miili yao iwe imegeuka kuwa ya usiku. Lakini angalia wanavyoishi. Taa zao zinaelekezwa majini, wao wenyewe wako gizani. Alfajiri wanaingia pwani, na kuanzia saa 12 mpaka saa 3 asubuhi wako juani wanashusha ndoo, wanabishana bei na akina mama wanaokuja kununua. Kila asubuhi macho yao yanaiambia saa kwamba siku imeanza. Saa zao hazihami.

Hasara yake ni kwamba kila usiku wa giza wanakuwa baharini, kwenye usukani na kamba, katika saa ambayo mwili unataka kulala. Usingizi wao wa mchana ni wa vipande viwili: kimoja asubuhi baada ya kuuza, kingine alasiri. Faida yake ni kwamba mbalamwezi ikiingia wanarudi kuishi mchana bila shida, maana saa zao hazikuondoka.

Nadhani hapa ndipo penye jambo kubwa kwa yeyote anayefanya zamu, na ndilo linalokosekana kwenye ushauri mwingi unaotolewa. Swali la kwanza si "nitalalaje mchana?" Ni "nihamishe saa yangu au niiache?" Majibu ni mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoumiza.

Ukiwa na usiku 2 au 3 tu kisha unarudi mchana, kama wauguzi wengi, iache. Hutaiwahi kuigeuza, na ukijaribu utaivuruga. Lipa deni tu: lala alasiri kabla ya usiku wa kwanza, tuseme dakika 90, ukitoka kazini lala kwa muda wa saa 4 au 5, kisha jioni ongeza kidogo kabla ya kurudi. Siku ya kumaliza zamu usiendelee kulala mpaka jioni. Amka mchana, toka nje upate jua, lala usiku na watu wengine.

Ukiwa na wiki mbili au zaidi za usiku mfululizo, kama mitambo ya gesi au viwanda vya zamu ndefu, au ukiwa mlinzi wa usiku wa kudumu, ihamishe, lakini usiigeuze yote. Lengo ni kukisukuma kile kipindi cha joto la chini kutoka saa 10 alfajiri mpaka karibu saa 4 asubuhi, wakati tayari uko kitandani. Kwa hiyo kaa kwenye mwanga wa kutosha nusu ya kwanza ya usiku, ukitoka vaa miwani myeusi na kofia, fika ulale mara moja, saa 2 na nusu asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Siku za mapumziko usiruke kulala saa 4 usiku kama zamani. Lala saa 9 usiku, amka saa 6 mchana. Kwa mpango huo unabaki na mchana wote wa alasiri pamoja na watoto, na saa haijarudi ilikokuwa. Ni maelewano kati ya kazi na nyumba, na ndiyo njia ambayo watafiti wa zamu wameiona inafanya kazi kuliko kugeuza kila kitu.

Tahadhari moja kuhusu miwani myeusi. Giza machoni linaongeza usingizi. Kama unaendesha pikipiki mwenyewe kurudi nyumbani, hatari ya barabarani inakuja kwanza. Tafuta wa kukupakia.

Kulala chini ya bati

Muuguzi mmoja wa Lindi, jirani wa dada yangu, anafika nyumbani saa 2 asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pole na kazi. Wageni wa Nachingwea wamefika tangu alfajiri, wanakungoja wewe."

Anawasalimia wageni, anakaa nao, anafua sare, anaota jua uani akianika. Saa 4 na nusu anajilaza. Chumba kina bati lisilo na dari, dirisha limezibwa na kanga mbili. Saa 7 mchana shuka limelowa jasho, mashine ya kusaga ya mtaa wa pili inanguruma, na mama anagonga mlango taratibu: kuna shughuli jioni kwa fulani, atakwenda? Ukimweleza mama kwamba mtoto hajalala, anashangaa kwa haki yake: "Kwani mchana ni wa kulala?"

Ili usingizi uingie, joto la ndani la mwili lazima lishuke, na mwili unalitoa kupitia ngozi, hasa viganja na nyayo. Chini ya bati la saa 7 haliwezi kutoka. Na hapa kuna mgongano: ukiziba dirisha kupata giza unafungia joto, ukilifungua kupata upepo unaingiza mwanga. Ufumbuzi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwanga unasumbua saa kupitia macho tu, ngozi haihusiki. Acha dirisha wazi, funga macho kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa mara mbili. Oga kabla ya kulala. Kama una uchaguzi, chukua chumba cha magharibi, kinachelewa kupigwa na jua. Nyumba ya makuti, ambayo vijana wanaikimbia, kwa usingizi wa mchana inalishinda bati mbali sana.

Chandarua kishushwe hata mchana. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini Aedes, mwenye madoa meupe miguuni na anayebeba homa ya dengi, ni mbu wa mchana. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana anawapa wote wawili nafasi.

Hilo la wageni halina dawa ya kitaalamu. Mama akishaelewa kwamba mchana wa mwanawe ni usiku, atawaambia mwenyewe, "Kalala, kaingia usiku jana," na hakuna atakayemlaumu. Lakini ni lazima aelezwe, tena na mtu asiyeonekana mvivu.

Kahawa, kipande cha usingizi, na barabara

Nusu ya kafeini unayokunywa bado iko mwilini baada ya kama saa 5. Kikombe cha saa 10 alfajiri, ambacho ndicho kinachotamaniwa zaidi, bado kina nusu yake saa 3 asubuhi unapotafuta usingizi. Kinywe mapema, mwanzo wa zamu, na uishie saa 7 au 8 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye vijiwe vya bodaboda vina kafeini hiyohiyo pamoja na sukari nyingi. Hesabu ni ileile. Vidonge vya mafua vinavyosinzisha, ambavyo baadhi ya watu humeza ili walale mchana, haviigusi saa ya mwili. Vinasinzisha tu, na unaweza kuamka na uzito unaokwenda nao kazini.

Kulala dakika 20 katikati ya zamu, mahali panaporuhusiwa, kunasaidia kuliko kikombe cha tatu. Ukizidisha mpaka kufika usingizi mzito wa pono, utaamka umechanganyikiwa, na mang'amung'amu hayo yanaweza kuchukua nusu saa kuisha. Asiyepewa nafasi ya kulala, atembee.

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anachelewa kufanya maamuzi kwa kiwango kinachokaribia mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Muuguzi aliyeamka saa 1 asubuhi akaingia kazini saa 2 usiku bila kulala alasiri, anazifikisha saa hizo 17 saa 6 usiku, bado nusu ya zamu na zaidi haijaisha. Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979 ilianza saa 10 alfajiri. Ya Chernobyl, mwaka 1986, ililipuka saa 7 na dakika 23 usiku. Sababu za ajali kubwa huwa nyingi, lakini saa hizo zinajirudia mno kuwa bahati mbaya. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kilomita zaidi ya 500 kati ya Mtwara na Dar es Salaam nazo zinapitia saa 10 alfajiri, na dereva ana mwili uleule wa mlinzi wa ghala.

Kwa muda mrefu madhara hayaishii kwenye ajali. Zamu za usiku za miaka mingi zimehusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na unene. Mwaka 2007, na tena 2019, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Kundi hilo linaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani; halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Hata hivyo ni sababu tosha ya kupima sukari na presha kila mwaka.

Anayepanga zamu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na inataka mfanyakazi alipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Inataka pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na mjamzito asipangwe usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Saa 12 zinaonekana nyingi mpaka uondoe daladala kwenda na kurudi, kuoga, kula, na wageni wa Nachingwea.

Lakini mambo mawili yanayogharimu karatasi na kalamu tu hayamo kwenye sheria. Moja linatokana na zile dakika 10 tulizoziweka akiba. Kwa kuwa saa ya binadamu ina mwelekeo wa kuchelewa, ni rahisi kulala baadaye kuliko kulala mapema. Zamu zikizunguka kutoka asubuhi kwenda mchana kisha usiku, mwili unafuata. Zikizunguka kinyume, usiku kwenda mchana kwenda asubuhi, kila mabadiliko yanakuwa ni kulazimisha. Idadi ya watu ileile, saa zilezile, tofauti ni mpangilio.

La pili ni kwamba watu hawafanani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania kwa Wahadza 33 wa karibu na Ziwa Eyasi, waliovaa vifaa vya kupima usingizi. Katika siku 20, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla. Wazee waliwahi kulala, vijana walichelewa, na kambi ikawa karibu kila wakati na mtu aliye macho bila yeyote kupangwa kulinda. Kwenye kila ghala, kiwanda na wodi ya Mtwara na Lindi wapo watu wa namna hizo zote mbili: anayezinduka saa 11 alfajiri bila kuamshwa, na ambaye kichwa chake hakifunguki mpaka saa 4 asubuhi. Wa pili atayamudu usiku vizuri zaidi. Msimamizi anayetaka kumjua hahitaji kipimo chochote. Amwulize analala saa ngapi siku ambayo hana kazi wala safari ya kesho yake, kisha apange zamu kutokana na jibu hilo badala ya herufi za alfabeti.